Wakili wa mkamwana wetu

Kijana wetu alifunga ndoa Tanga, nasi huku Leicester, Uingereza, tukaanza kutafuta njia ya kumleta mkewe. Palikuwapo ndugu mmoja anayeswali nasi safu ya mbele. Alisema ameshawasaidia wengi, na kwa pauni 600 angejaza fomu zote. Kumuuliza kibali chake tuliona ni kumvunjia heshima.

Ombi likakataliwa. Alipeleka hati za mshahara za miezi 6, lakini taarifa za benki za miezi ile ile, ambazo kanuni inazitaka pamoja nazo, hakuziambatisha. Mkamwana wetu alipopiga simu usiku ule, hatukuwa na la kumwambia.

Ndipo tukajua kwamba, kwa sheria ya mwaka 1999, ni kosa la jinai hapa kufanya kazi ya kushauri watu juu ya uhamiaji bila kuwa wakili au mshauri aliyesajiliwa, na kwamba orodha zao ziko wazi kwa kila mtu. Dakika tano zingetosha!

Wakili wa sasa ni mama wa Kihindu, tuliyelikuta jina lake orodhani. Alituandikia gharama zote kabla hatujatoa hata senti, akatuonyesha palipo dhaifu katika ombi letu. Baadhi ya wenzetu wanatulaumu kwa kumwacha Mwislamu mwenzetu. Lakini Qur'ani, katika Suratul Baqara, imetuamuru tuandikiane madeni. Vipi basi kudai karatasi kuwe ni dharau?

Ombi jipya limepelekwa. Mkamwana wetu bado yuko Tanga.