Pembe Mraba Baina ya Jua na Zohali

Katika Kiswahili, nyota ni majaliwa. Husemwa kwamba fulani nyota yake imeng'ara, au kwamba nyota za wachumba fulani haziafikiani, na msikilizaji haulizi zaidi. Unajimu ulioenea Ulaya na Marekani katika karne ya 20 ulishika njia nyingine: uliitoa nyota mbinguni ukaitia nafsini. Badala ya kutabiri litakalompata mtu, ulijaribu kueleza mgogoro uliomo ndani yake. Niliuchunguza mwelekeo huu kwa sababu dada yangu aliuamini, na kwa ajili yake akakaa miaka mitatu bila kuzungumza na baba.

Dada alizaliwa mapema Septemba 1987. Siku hizo Jua lilikuwa katika buruji ya Mashuke na sayari ya Zohali katika buruji ya Mshale, na baina yao, zikitazamwa kutoka duniani, palikuwa na pembe ya nyuzi 90. Ptolemy wa Alexandria, katika karne ya 2, alikwisha kuihesabu pembe hiyo miongoni mwa zile zisizo na upatanifu. Fasili ya kisaikolojia ilikuja baadaye sana. Mwaka 1911 Carl Jung alimwarifu Freud kwamba jioni zake zilikuwa zikipita katika hesabu za nyota; mwaka 1936 Dane Rudhyar akachapisha kitabu kuhusu unajimu wa nafsi; na mwaka 1976 Liz Greene akaitetea Zohali iliyokuwa imebandikwa jina la mkosi tangu kale. Kwa mujibu wa tapo hili, Jua ni nafsi itakayo kuchomoza, na aghalabu ni baba pia. Zohali ni mpaka, hofu na amri. Zikikabiliana kwa pembe mraba, kila mtu huyo anapotaka kuinuka husikia sauti ikimwambia kwamba bado hajatosha.

Dada aliposoma hayo alilia. Baba yetu, akiletewa alama 88, huuliza, "Na hizi 12 umemwachia nani?"

Mwanafunzi wa fasihi hawezi kuyabeza maelezo kama hayo, kwani ndiyo migogoro ya nafsi tunayoihakiki katika tamthilia kila muhula. Ila uzuri wa maelezo si ushahidi. Jua husogea takriban nyuzi moja kwa siku, nao wanajimu huruhusu pembe kupungua au kuzidi kwa nyuzi kadhaa. Basi watoto wote waliozaliwa duniani kwa zaidi ya juma moja wana mraba uo huo. Mwaka 1949 Bertram Forer alichapisha matokeo ya jaribio lake: wanafunzi 39 walipewa maelezo yaleyale, mengi yakitoka katika kitabu cha unajimu, wakayapa wastani wa 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson, ambamo wanajimu waliotakiwa kumtambua mwenye ramani ya nyota kati ya watu watatu walifaulu kwa takriban thuluthi moja, sawa na kubahatisha. Nami ninao ushahidi wa nyumbani: mimi sina mraba huo, na swali la alama 12 niliulizwa vilevile.

Hata hivyo, lililonikera si unajimu wenyewe. Wanajimu wa tapo hilo husisitiza kwamba mraba ni kazi: msuguano humlazimisha mtu kujijenga. Dada aliyasoma maandishi hayo kwa sikio la Kiswahili, ambamo nyota haijadiliwi. Akaniambia, "Pembe haibadiliki, ndugu yangu. Mimi na baba tumeandikiwa hivi." Kwa hiyo nadharia iliyokusudiwa kumtoa mtu katika majaliwa ilimrudisha humo humo, tena ikiwa na istilahi za kisomi. Katika masimulizi yake Zohali ikawa kiima cha kila sentensi, na baba, aliyekuwa ametenda, akatoweka.

Mwaka 2019 baba aliugua, na dada akaja kumuuguza. Usiku mmoja nilimsikia akimwuliza kuhusu zile alama 12. Baba alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba yeye, katika miaka yake yote ya shule, baba yake hakuwahi kumwuliza amepata ngapi.