Ufuate Mto Nyando Hadi Kwenye Mafunjo

Likizo ikifika, wazazi wengi wa mjini huwaza Mombasa au mbuga za wanyama. Safari hii, msomaji mpenzi, wapeleke wanao Muhoroni, kiasi cha kilomita 50 mashariki ya Kisumu. Pita Miwani, ambako kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilianza mwaka wa 1922, kisha Chemelil. Kotekote ni miwa, na trekta zilizoisheheni hazina haraka.

Ukifika Muhoroni, simama kando ya Mto Nyando. Maji yana rangi ya chai ya maziwa. Huo ni udongo wa mashamba ya milimani, unasafiri kwenda Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi mto huu umebeba pia uchafu wa viwanda.

Nani atausafisha? Jibu ni mafunjo, yale matete yenye vichwa kama nywele zisizochanwa. Mapema miaka ya 2000, watafiti walijenga vinamasi vidogo 8 huko Chemelil. Vingine wakavipanda mafunjo, vingine nyasi za majini, kisha wakapitisha humo maji machafu ya kiwanda. Yalitoka yakiwa safi kuliko yalivyoingia.

Kazi hiyo hiyo, bila mshahara, hufanywa na kinamasi cha Nyando kule mto unapoingia ziwani. Teremka hadi Ahero, ushike njia ya Katito, kisha uulizie Kusa. Patana bei na mvuvi kabla hujapanda mtumbwi. Tega sikio: yuko ndege wa kifua chekundu na utosi wa manjano ambaye makao yake ni mafunjo.

Kiangazi, sehemu za kinamasi huchomwa moto zikalimwa mahindi na mboga. Usiwalaumu wenyeji upesi. Watoto wao hula hapo. La kutia moyo ni kwamba mashina yaliyozikwa topeni, yakiachiwa maji, huchipua na kurefuka tena ndani ya mwaka mmoja hivi. Lakini yaking'olewa kwa jembe kila msimu, hayarudi. Hapo udongo huingia moja kwa moja ziwani, na kambare na kamongo hukosa maficho ya kuzalia.

Beba viatu vya mpira, kofia na maji ya kunywa, na uende asubuhi. Ukirudi, nunua mkeka wa mafunjo. Mafunjo yakimpa mama shilingi, ataona sababu ya kuyakata bila kuyang'oa.