Sehemu iliyotiwa kivuli

Wadau, leo naomba tuache siasa kidogo tuongee hesabu. Usikimbie, ni swali moja tu.

Mpwa wangu yuko kidato cha kwanza. Jumapili alikuja na daftari lake. Kuna mraba wenye upande wa sentimita 14, na ndani yake robo duara mbili zilizochorwa kutoka kwenye pembe mbili zinazotazamana. Zinapopandana panatokea umbo kama jani. Jani limetiwa kivuli, tafuta eneo lake.

Swali lenyewe ni la Kiingereza, na kijana alikuwa amelikodolea macho tangu asubuhi. Nikamsomea kwa Kiswahili.

"Kumbe ni sehemu iliyotiwa kivuli! Mjomba, hizi si tulifanya shule ya msingi?"

Mwaka jana tu alikuwa anajua. Kilichobadilika ni lugha.

Haya, tukabaki na jani. Mraba una kanuni, duara lina kanuni, jani halina. Nikampeleka kwa mama fundi, jirani yetu anayeshona sketi za duara. Kwa wasiojua, sketi ile unakunja kitambaa mara mbili kipate tabaka nne, unakata robo duara, ukikunjua unapata duara zima. Kwa hiyo mama huyu anakata robo duara kila siku ya Mungu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, lete hiyo picha."

Akachukua gazeti (tena letu, lenye habari yangu ukurasa wa tano!), akakata mraba mmoja na robo duara mbili zenye nusu kipenyo sawa na upande wa mraba. Akazilaza juu ya mraba, moja kona hii, nyingine kona inayoitazama.

"Mraba wote umefunikwa, sivyo? Ila hapa katikati pamefunikwa mara mbili. Hicho kilichozidi ndicho jani lako."

Kijana akanyakua kalamu. 22/7 mara 14 mara 14 ni 616, robo yake 154. Robo duara mbili ni 308. Toa mraba, 196. Jani ni sentimita za mraba 112.

(Watunga maswali wanapenda 7 na 14 kwa sababu zinakatika vizuri na 22/7. Archimedes alishaonyesha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba pai ni ndogo kidogo kuliko hapo, lakini kwa mtihani inatosha.)

Jibu tulilipata kwa dakika kumi. Kuliandika kwa Kiingereza, hatua kwa hatua kama mwalimu anavyotaka, kulikula saa nzima. Na sera ya elimu ya mwaka 2014 ilisema Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote! Muulize mpwa wangu kimefika wapi.

Mama fundi alipotuona bado tumeinamia daftari, akasimamisha cherehani.

"Si mmeshapata nyie?"

"Tumepata mama. Sasa tunatafsiri."