Mzungu Aliyeandika Michezo kwa Kiswahili

Mara ngapi umesimama mlingotini ukauimba wimbo wa taifa? Basi jua kwamba miongoni mwa watu watano walioutayarisha mwaka 1963 alikuwamo Mwingereza mmoja, Graham Hyslop. Wenzake walikuwa George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti yake waliitoa katika wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto.

Lakini mimi Hyslop ananivutia kwa jambo jingine. Alikuwa afisa wa muziki na drama wa serikali ya kikoloni. Zama hizo jukwaa kubwa la Nairobi lilikuwa la Wazungu na Kiingereza chao. Yeye akaandika kwa Kiswahili. Mwaka 1957 tamthilia zake mbili, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, zilichapishwa. Mwaka uo huo ikachapishwa Nakupenda Lakini, ambayo Henry Kuria aliitunga akiwa Alliance High School. Mwanafunzi kama sisi, jamani! Kimani Nyoike, Gerishon Ngugi na B. M. Kurutu wa shule iyo hiyo nao wakatunga zao.

Kuna watakaosema, "Huyo si alikuwa mtumishi wa mkoloni?" Ni kweli. Hali ya hatari ilitangazwa mwaka 1952 na kudumu hadi 1960. Watu walijaa vizuizini, na michezo ya wakati huo haikugusa hayo. Ilibidi tungoje hadi 1969 Ebrahim Hussein alipotupa Kinjeketile, mchezo wa Vita vya Maji Maji. Hata hivyo wahenga walisema, mgala muue na haki yake umpe. Hyslop alionyesha kuwa Kiswahili kinaweza kubeba mchezo mzima.

Nayasema haya kwa sababu chama chetu kitaamua muhula huu tuigize nini. Wapo wanaodai eti mchezo wa Kiswahili ni wa mlevi na bawabu tu, wa kuvunja watu mbavu. Wanataka wa Kiingereza, tuonekane tumesoma.

Mimi nataka tuandike wetu, juu ya mpaka wa shamba. Hapa Mbooni vishamba vyetu vya matuta ni vyembamba kama mkanda, na ndugu hukosana kwa hatua mbili za udongo. Kwetu baba na baba mdogo hawasalimiani, na mimi hupita kwa wote wawili nikienda shule. Nikiyasema kwa Kikamba nyumbani, nitaambiwa sina adabu. Nikiyaandika kwa Kiingereza, mama hataambua kitu. Kwa Kiswahili wote watatu watakaa kwenye viti vya ukumbi wetu, wasikie, na hakuna atakayekuwa ametajwa jina.

Shime wenzangu! Sisi wa kutwa hatuna muda mwingi jioni, lakini kalamu tunazo. Siku ya kura ikifika, inueni mikono kwa Kiswahili.