Ya Nyumbani Yana Wenyewe

Makadara, Mombasa

Mwanangu mpendwa,

 Mimi sijambo. Magoti ndiyo hayapatani na ngazi za nyumba hii, lakini Jumapili bado naenda kanisani na kurudi kwa miguu yangu, namshukuru Mungu.

Mahubiri yako nimeyasikia. Binti mmoja wa kanisani aliniwekea kwenye simu yake, maana yametumwa katika kundi la WhatsApp la kina mama mpaka yakatufikia sisi wa kisiwani. Nikamwambia ayarudie. Una kipawa, mwanangu. Unazungumza kama mtu aliyekaa jikoni, si kama mtu aliyetoka kumeza kitabu, na watu wanakuelewa. Walicheka pale ulipotaka wacheke, wakanyamaza pale ulipotaka wanyamaze. Siandiki kwa sababu ulihubiri vibaya. Naandika kwa sababu mfano wako wa kwanza ulikuwa mke wako, na wa pili ulikuwa mwanao, nao wote wawili walikuwa wameketi safu ya mbele, na aliyekuwa akirekodi akawageuzia simu ili sote tuwaone nyuso.

La mtoto silitaji katika barua hii. Barua husahauliwa mezani ikasomwa na asiyehusika. Unalijua wewe, nalijua mimi, na kwa vile simu hazina mlango, sasa yawezekana na darasa lake zima la nne lalijua.

Nafahamu utakalonijibu. Utasema imani hufundishwa kwa mambo ya kila siku, na kwamba mhubiri asiyekuwa na mifano ya nyumbani huongea hewani. Hilo nakubaliana nawe kabisa. Mimi mwenyewe sikujifunza kusamehe kwenye mimbari, nilijifunza kwa kulala chumba kimoja na dada zangu. Kungoja nilijifunza usiku, mfereji unapokauka wiki nzima na hujui maji yatafunguliwa saa ngapi, nawe umeweka ndoo chini yake na sikio moja halilali. Mungu hutufundisha humohumo, katika moshi na vyombo visivyooshwa. Shida si kwamba umelitoa somo nyumbani. Shida ni kwamba umewatoa na watu wake.

Mtazame Bwana wetu mwenyewe. Alikaa Nazareti mpaka akakaribia miaka thelathini, katika nyumba ya fundi, na ndugu na dada zake, katika kijiji kidogo ambako kila mtu alimjua mwenziwe. Ukisikiliza mifano yake utajua bila shaka kwamba alikulia nyumbani hasa. Anajua chachu inavyofanya kazi ndani ya vipimo vitatu vya unga. Anajua kiraka kipya kinavyolichana vazi kuukuu. Anamjua mwanamke aliyepoteza sarafu moja akawasha taa na kufagia nyumba nzima, na anamjua baba aliyegongewa mlango usiku wa manane watoto wameshalala naye, akaona uvivu kuinuka. Haya hayatungwi na mtu aliyelelewa bila jiko. Lakini niambie, huyo mwanamke ni nani? Alikuwa Mariamu? Yule baba mvivu wa kuinuka alikuwa Yusufu? Na yule kijana aliyedai urithi wake mapema akaenda kuutapanya, alikuwa wa nyumba gani? Hatujui, na hatutajua. Miaka yote ile ya Nazareti ametupa mafundisho yake, na hakutupa siri ya mtu hata mmoja. Nduguze hawakumwamini, hilo Yohana ametuambia. Bwana mwenyewe hakulifanya hubiri.

Kisha kuna Kana. Kila mwaka tunahubiriwa Kana kwenye harusi, na kila mwaka tunahubiriwa divai. Mimi huwa nawafikiria wenye harusi. Wewe umezaliwa pwani, unajua ilivyo hapa kwetu pilau ikiisha wageni hawajaisha. Bibi arusi ataitwa bibi na wajukuu wake, na bado wapo watakaokumbuka kwamba kwake watu walirudi na njaa. Basi nyumba ile ya Kana ilikuwa inakaribia kuvuliwa nguo mbele ya kijiji. Mama yake Yesu akamwambia mwanawe. Hakusimama katikati ya ukumbi kutangaza kwamba divai imekwisha. Naye mwana akawaambia watumishi wajaze mabalasi, wakachota, wakapeleka. Mkuu wa meza hakujua ilikotoka. Watumishi ndio waliojua. Bwana arusi akasifiwa kwa divai ambayo hakuinunua, akaketi kwenye harusi yake na heshima yake nzima. Yohana anasema hiyo ndiyo ishara ya kwanza, na kwamba hapo aliudhihirisha utukufu wake. Fikiri vizuri, mwanangu: mara ya kwanza utukufu wa Mungu ulipoonekana katika kazi ya Yesu, ulionekana katika kuisitiri familia. Sasa ukichukua aibu ya nyumba, iwe nyumba yako au ya mwingine, ukaimwaga mbele za watu ili wacheke kabla hujawafungulia maandiko, umekwenda kinyume cha Kana. Nalisema bila kuuma maneno kwa sababu nakupenda, na kwa sababu bado una miaka mingi ya kuhubiri.

Marehemu mume wangu alikuwa mwinjilisti kwa muda mrefu, kama ujuavyo, na nyumba yetu ilikuwa ya kelele, watoto watano na wageni wasioisha. Mifano haikumpungukia. Lakini alikuwa na desturi moja. Ijumaa usiku, baada ya chakula, humwambia mhusika mbele yetu sote: "Lile la juzi, waniruhusu nilitumie Jumapili?" Mara nyingi tulimruhusu, na watoto walijiona wakubwa kwelikweli. Siku moja binti yetu wa pili alikataa. Alikuwa na miaka kumi hivi. Alisema tu hataki, wala hakueleza kwa nini. Baba yake akamwambia, "Vyema, mama," akaingia chumbani kuanza hubiri jingine, na lile la kwanza alikuwa ameshaliandika lote kwa mkono. Sikumsikia akinung'unika. Somo ambalo binti yule alilipata usiku ule sidhani lingepatikana kwenye hubiri lolote: kwamba neno lake lina uzito mbele ya mtu mwenye Biblia mkononi. Leo ni mtu mzima, na akipata shida hampigii simu mtu mwingine kabla yangu. Angejifunza kwamba kinachosemwa nyumbani hutoka nje, angekuwa ameshafunga mdomo zamani.

Hapo ndipo naogopa kwa ajili yako. Mke wako akijua kwamba kila ugomvi una njia ya kwenda mimbarini, atakuwa makini. Atapima maneno. Mtaishi kwa adabu nzuri sana, na hutakuwa na mtu wa kukwambia ukweli. Na mhubiri asiyeambiwa ukweli nyumbani kwake ni hatari kwa kanisa zima.

Ukitaka kuona mtu aliyezungumzia nyumba yake kwa haki, usiende mbali. Ng'ambo hapo, upande wa Nyali, kuna kaburi la Rosine, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf. Walifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa saba mwaka huohuo alijifungua mtoto wa kike, nyumba ikiwa na homa. Baada ya siku chache Rosine akafa, na kichanga naye akafuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Alipoandika habari hizo hakujifanya shujaa. Aliandika jinsi alivyokuwa dhaifu, hata kuinuka kumtazama mkewe kulimpa taabu kubwa. Na kuhusu Rosine aliandika alichotaka Rosine mwenyewe: azikwe bara, katika nchi ya Wanyika, kama walivyoitwa Wamijikenda wakati ule, ili wapitao walione kaburi lake wakumbuke kilichowaleta. Waona tofauti? Aliyeonyeshwa mnyonge katika habari ile ni msimulizi. Aliyesimuliwa amepewa neno lake. Ukifuata njia hiyo huwezi kukosea sana. Mfano wa nyumbani ukimwangukia mtu, na ukuangukie wewe.

Na kwa kuwa nimemtaja Krapf, liko jingine ambalo wahubiri wetu hulipita mbio. Mwaka huohuo alianza kuitafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia ni Sheikh Ali bin Muhiddin wa Barawa, kadhi wa Mombasa. Kadhi, mwanangu. Nalikumbuka kila Ramadhani, maana jirani yangu wa ukuta mmoja ni Mwislamu, na tangu tuhamie hapa hajawahi kufuturu bila sahani ya kaimati au ya mbaazi kupita mlangoni kwangu. Sahani hairudi tupu. Krismasi ni zamu yangu. Alipofiwa nililala kwake. Nilipofiwa mimi, wanawe ndio waliobeba viti. Nimejifunza mengi ya imani yangu kwenye ule mlango: ukarimu, uaminifu katika saa za sala, na kumtaja Mungu kabla ya kuahidi la kesho. Lakini ya ndani ya nyumba yake niliyoyaona siku za msiba sijayasema kokote, wala hutayasikia. Nyumba zetu za huku zimebanana, mtu akikohoa wa pili amwambia pole. Tusingeweza kuishi hivi kama kila anayesikia angesema. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haina mdomo.

Wewe pia, kwa kazi yako, utaingia katika nyumba nyingi. Utaona vitanda vya wagonjwa, utasikia wanandoa wakilia, utaitwa usiku Makadara hii au huko Voi kwa mtoto aliyekamatwa na polisi. Watu wanaokusikiliza Jumapili wanakupima, hata kama hawajui kwamba wanakupima. Wanajiuliza: huyu anayemsema mkewe, yangu atayapeleka wapi? Yule mama mwenye jambo zito kabisa hatakuja kwako. Atatoka mlangoni amekusalimu vizuri, akakwambia umebarikiwa, akaondoka nalo.

Sasa la kufanya. Mke wako mwombe radhi mkiwa wawili. Usimletee maandiko, msikilize tu mpaka amalize, hata akirudia. Mtoto nenda naye matembezi, mbali na wadogo zake, umwambie kwa maneno machache kwamba baba alikosa kulisema jambo lake, na kwamba halitasemwa tena. Mtazame usoni unapomwambia. Kisha mwulize kama kuna anayemchokoza shuleni, na ukipata jibu nenda ukaonane na mwalimu wake kimyakimya. Nakusihi jambo moja: msamaha huo usiuombe kanisani. Najua itakuvutia, na watu wataguswa, pengine wataimba. Utakuwa umewasimamisha mke wako na mwanao mbele ya watu mara ya pili. Na mwenye ile video umpigie simu aifute, na katika kundi la WhatsApp pia. Haitafutika kote, lakini mwanao atajua kwamba ulijaribu.

Baada ya hapo endelea kuhubiri mambo ya nyumbani, tena kwa wingi. Tuambie unavyokasirika. Tuambie siku uliyopiga magoti kuomba na moyo haukuwepo, au unavyomwonea wivu mwenzako aliyepewa kanisa kubwa. Hayo ni yako, hakuna wa kumwomba ruhusa. Na ya wengine, yaache yakae miaka. Mengine yatakomaa, na wenyewe watakwambia waweza kuyasema. Mengine watakuja kuyasema wao wenyewe, siku moja, na itakuwa ushuhuda wao.

Nimempa dereva wa gari la Voi mfuko. Mna leso mbili za mke wako, nilizichagua mwenyewe Mtaa wa Biashara, na ndani ya leso nimefunga iliki na mdalasini wa Marikiti, maana alisema ya huko haina harufu. Mwambie anipigie akiupokea. Anipigie yeye, si wewe. Na shule zikifungwa mwezi wa nane mleteni mtoto akae nami. Nahitaji mtu wa kunisaidia ngazi, na yeye nadhani anahitaji kupumzika mahali ambapo hajulikani kwa jambo lolote.

Mungu akutunze katika huduma yako.

Ni mimi shangazi yako akupendaye.