Rekodi ya Saba

Kompyuta iliwaka, nembo ikatokea, halafu skrini nyeusi na mstari mmoja wa maandishi meupe: eti haipati diski ya kuwakia. Nikazima, nikawasha. Nikazima tena, nikawasha. Unajua vile mtu hubonyeza kitufe cha lifti ambacho tayari kimebonyezwa? Hivyo.

Kazi za ofisi hazikuniuma, ziko kwenye barua pepe. Kilichonitoa jasho ni rekodi 11 za shosho, nilizochukua kwa simu Krismasi yake ya mwisho, nikazihamishia kwenye laptopu ili simu ipate nafasi. Ndiyo, nakala moja tu. Usiniangalie hivyo.

Niliweka sikio kwenye kibodi. Diski ni ya zamani, 500GB, ile ya sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika. Ilizunguka, ikagonga tk, tk, ikanyamaza. Nikapanda matatu hadi Luthuli.

Fundi aliiwasha, akabonyeza F2, akasoma orodha. "Iko. Ingekosa hapa ningekuambia pole." Akaichomoa, akapangusa meno ya kuunganishia, akairudisha. Wapi.

"Siz, kuna mahali umebonyeza kurekebisha?"

Nikakiri. Usiku uliotangulia Windows iliniuliza kama irekebishe makosa ya diski, nikakubali, nikaenda kulala. Alitikisa kichwa vile daktari hufanya ukimwambia umemeza dawa za jirani. Diski mgonjwa, alisema, hunakiliwa kwanza. Kutibu ni baadaye, ama usitibu kabisa. Ile programu huandika juu ya diski hiyo hiyo, na kila dakika inayozunguka inazidi kuumia.

Akachomeka flashi yenye Ubuntu, kompyuta ikawaka bila kuhitaji diski yangu, kisha akaunganisha diski ya nje ya 1TB na kuanzisha ddrescue. Nilipenda vile hiyo programu inafanya kazi: inachukua kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, inaruka palipoharibika, na mwishowe inarudi kwenye yale mabaya, kidogo kidogo, ikijaribu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama namba mpaka akafunga duka. Iliendelea usiku kucha.

Kesho yake nililipa 3,500, nikavaa visikizi palepale dukani. Rekodi 10 ziko sawa, hadi jogoo anayewika nyuma ya jikoni. Ya saba ndiyo imekatika. Shosho anaeleza walivyohamishwa kijijini wakati wa hali ya hatari, akiwa msichana, na dadake mdogo aliyefia huko. "Alikuwa anaitwa," anasema, kisha mkwaruzo wa sekunde nne, kisha, "na alipenda sana kuimba."

Nimempigia mama. Hakuwahi kuambiwa jina. Atauliza mjomba.