Vitabu Vilivyopita Kwihara

Wapenzi wa riwaya za George R. R. Martin wana nadharia nyingi, lakini iliyonipandisha garimoshi la Tabora ni ile ya maktaba. Katika mfululizo huo ulioanza kutoka mwaka 1996, na baadaye ukawa tamthilia ya televisheni ya Game of Thrones, kuna mji mkongwe uitwao Oldtown. Mji huo una mnara mrefu wa kuongozea meli na chuo cha wanazuoni kilichosheheni vitabu, na wasomaji wengi huiona humo Alexandria ya Misri, pamoja na mnara wake na maktaba yake iliyopotea. Tena kuna kitabu cha Septon Barth kuhusu majoka, ambacho Mfalme Baelor aliamuru kiteketezwe na kikasalimika vipande vipande. Sisi tunaosoma riwaya hizo Dar es Salaam tumelibishania jambo hili mpaka usiku wa manane. Mwenzetu mmoja akalisogeza hadi nyumbani: siri iliyopotea Alexandria, alisema, ni ramani ya bara letu, na Milima ya Mwezi iliyochorwa humo si mingine ila Unyamwezi.

Nadharia hiyo ina kichwa na miguu. Klaudio Ptolemaio aliandika Jiografia yake Alexandria yapata mwaka 150, na humo mna maziwa mawili yanayoulisha mto Nile kutoka kusini, nayo hujazwa na theluji ya Milima ya Mwezi. Habari ya maziwa hayo aliitoa kwa Marino wa Tiro, ambaye kitabu chake kimepotea kabisa. Tunakijua kwa sababu tu Ptolemaio alikisoma na kukikosoa. Marino naye aliipata kwa baharia Diogenes, aliyekuwa akirudi kutoka India akasukumwa na upepo wa kaskazini, kaskazi yetu hii hii, hadi karibu na Rhapta kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, wasomi wa Ulaya walikuwa bado wanagombana juu ya milima hiyo, na jina la Unyamwezi likawatia wengi tamaa.

Nilikuwa sijawahi kuvuka Dodoma. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikapita karibu na njia ambayo misafara iliitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, mwendo wa miezi, pembe za ndovu zikishuka pwani mabegani mwa watu, na watu wengine wakishuka na minyororo shingoni. Tangu alfajiri nilikaa dirishani nikiungoja mlima. Tukapita Manyoni, tukapita vichaka vya Itigi, kisha miombo, na miombo, na miombo. Stesheni zilipokaribia kina mama walikimbilia madirisha na asali katika chupa za maji zilizokwisha tumika. Niliponunua yangu na kufungua kizibo, harufu ya moshi ilinipanda puani kabla ya utamu wenyewe. Nje nchi ilikuwa tambarare. Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, lakini theluji haipo wala mlima wa kuibeba haupo. Nadharia ya mwenzetu ilianguka kabla sijashuka kwenye behewa.

Hata hivyo sikugeuza. Asubuhi nilichukua bodaboda hadi Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alimoishi mmisionari Livingstone. Ni jengo la udongo, kuta nene, paa bapa, na milango ya nakshi ambayo ungedhani imeng'olewa Unguja jana. Nilipitisha kidole kwenye mbao: vumbi jekundu limejaa ndani ya kila ua lililochongwa, na pale mikono inaposukuma mlango, nakshi imelika ikawa laini kabisa.

"Shikamoo, babu," nilimwamkia mzee aliyekaa kivulini.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwangaluka." Akanitembeza vyumbani, akanionyesha nakala za barua na picha ukutani. Tulipotoka uani akasema, "Kila mgeni huuliza alilala wapi. Hakuna anayeuliza wapagazi walilala wapi."

"Walilala wapi?"

"Huko nje," akajibu, akinyoosha mkono kwenye miembe.

Jibu hilo limenikaa moyoni kuliko yote niliyoyaona Kwihara. Livingstone aliingia hapa na mwandishi wa habari Stanley Februari 1872; Stanley akaondoka Machi, na mwenzake akangoja wapagazi hadi Agosti. Katika miezi hiyo ya kungoja alikuwa ameshikwa na nadharia ya kale kuliko ya Ptolemaio. Herodoto alikuwa ameandika kwamba karani wa hekalu moja la Misri alimsimulia juu ya chemchemi za Nile zilizo kati ya vilima viwili. Herodoto mwenyewe alimshuku karani huyo. Livingstone hakumshuku, aliondoka Kwihara kuzitafuta chemchemi hizo, na Mei 1873 akafia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo.

Hapo ndipo hadithi ya maktaba inapoanza kweli, kwa maoni yangu. Watu wa msafara wake, Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao, walimkausha maiti wakambeba. Oktoba mwaka huo walifika hapa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, wakamkuta Luteni Cameron wa Uingereza, aliyewashauri wamzike papa hapa. Walikataa. Waliendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na pamoja na mwili walifikisha daftari zake. Kitabu cha safari zake za mwisho kilichapishwa London mwaka huo huo. Bila wale waliolala nje kwenye miembe, kurasa hizo zingeozea msituni, na leo pengine tungekuwa tunazitungia nadharia.

Nikarudi kumfikiria Ptolemaio kwa jicho jingine. Katika kitabu chake anamrekebisha Marino: maziwa yale hayako karibu na bahari, yako ndani sana barani. Alijuaje? Anasema aliambiwa na wafanyabiashara waliovuka kutoka Arabuni kuja Azania, yaani pwani yetu, na Rhapta. Karne kumi na saba baadaye, Kazeh, Burton na Speke waliuliza kama alivyouliza yeye, na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, akawaeleza kwamba kaskazini liko ziwa kubwa kuliko la Ujiji. Speke akaenda, na mwanzoni mwa Agosti 1858 akalitazama. Ulaya ikaliita ugunduzi. Mimi nauita kupokea maelekezo.

Kwa hiyo sioni tena sababu ya kuililia Alexandria kana kwamba ujuzi wote ulikuwa ndani ya jengo moja. Haikuangamia kwa moto mmoja. Ilififia kwa karne nyingi, na Ptolemaio mwenyewe aliandika zaidi ya miaka mia moja baada ya moto aliouwasha Kaisari mjini humo. Kinachoniuma ni kingine. Vijana wenzangu wanaweza kutaja ukoo mzima wa Targaryen wa riwaya za Martin bila kukosea, lakini wachache wamewahi kushika maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi hapa Tabora, na ambaye aliandika mwenyewe kwa Kiswahili. Wachache zaidi wamesoma safari ya Sleman bin Mwenye Chande, iliyotoka katika Safari za Wasuaheli cha Carl Velten mwaka 1901, akisimulia njia hii hii kutoka pwani hadi Tanganyika. Vitabu hivyo havikuungua. Viombeni kwenye maktaba za vyuo na za mikoa, na pasipokuwa na nakala, daini iletwe.